Gervas na Filimbi Isiyopulizwa

Gervas fundi wa honi hana haja ya saa. Akiwa kwenye benchi lake karibu na soko la Mawenzi, huujua mchana ulipofikia kwa kusikiliza spika za mji. Msikiti ulio nyuma ya gereji ukiadhini, anajua ni saa ngapi, na anajua pia kwamba honi ya upande wa kulia imeanza kulegea skrubu. Kwaya ya ng'ambo ya barabara ikianza mazoezi, yeye husikia maikrofoni kwanza, wimbo baadaye. Wateja wake humtania kwamba siku ya kiyama parapanda ikilia, watu wote watakimbilia kutubu, isipokuwa Gervas, ambaye atauliza ni fundi gani aliyeifunga.

Honi ni zile spika zenye midomo mipana zinazokaa juu ya minara na mapaa. Gervas amezitengeneza tangu ujana wake, za Waislamu na za Wakristo bila ubaguzi, na kazi hiyo imemjengea nyumba ya tofali za kuchoma kule Kihonda, imemsomeshea watoto, na imempa jina. Ni mtu mfupi, mchangamfu, mwenye tabia ya kuanza kucheka halafu akakatisha katikati ili avute hewa, maana alizaliwa na pumu na pumu haijamwacha. Mfukoni mwa shati lake hakosi vitu viwili, bisibisi ndogo na kile kichupa cha dawa ya kuvuta. Mtu akimwonea huruma, yeye husema hewa anayoipata inamtosha, mradi asipande mlima wala asioe mke wa pili.

Ndani ya kila amplifaya aliyowahi kuifungua kuna kidude anachokiheshimu kuliko vyote, nacho ni kapasita. Akikuelezea kazi yake hatakuchosha. Umeme wa betri, atakwambia, umekaa palepale kama mtu aliyenuna. Sauti ni umeme unaotikisika. Ukitaka kuipeleka sauti kutoka hatua moja ya mashine hadi nyingine, lazima uwaache wanunaji nyuma na kuwapitisha wachezaji peke yao, na mlinzi wa mlango huo ndiye kapasita. Ikiwa kubwa, itapitisha hata ule mtikisiko wa polepole ambao ndio sauti nene. Ikiwa ndogo, hupita mtikisiko wa haraka tu, yaani sauti nyembamba.

Sasa honi haipendi sauti nene. Ukiipelekea mvumo mzito, kiwambo chake chembamba hupasuka, na waumini huambulia mkwaruzo. Ndiyo maana mafundi wa honi wana desturi yao ya kufunga kapasita ndogo njiani, zile ndogo kama punje ya mchele, ili uzito wote ubaki nje. Gervas amezifunga nyingi kiasi kwamba mkono wake huziokota kwenye kopo bila macho kutazama. Watu wa duka la Taherali anakonunua vipuri hawamuulizi hata anataka nini. Wakimwona anaingia, wanaanza kumhesabia punje zake.

Lakini habari ya Gervas haiishii mjini. Mama yake alitoka Kinole, juu milimani, kwenye michungwa na midalasini, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba wa Gervas alimpa dini na jina. Ukoo, shamba na mambo ya heshima alivipata kwa mjomba wake, Mzee Issa, kaka wa mama. Na katika mambo ya heshima, kubwa kuliko yote lilikuwa filimbi.

Kule kijijini kwao kuna ngoma ya filimbi za mianzi. Kila filimbi ina sauti moja tu, basi, haina tundu la pili. Mpigaji mmoja hawezi kukupigia wimbo hata akijiua. Wanasimama mviringo, huyu anatoa ya kwake, yule anaingiza ya kwake, na wimbo unazaliwa katikati yao. Kila filimbi ni ya ukoo, na hurithiwa kwa mpwa. Nyembamba huitwa watoto, za kati huitwa mashangazi, na ile nene kuliko zote, ndefu kama mkono wa mtu mzima, huitwa mama. Mama ndiye anayewashikilia wengine. Akinyamaza, watoto wanatawanyika kila mmoja na lake. Filimbi mama ilikuwa ya ukoo wa Gervas, Mzee Issa ndiye aliyeipuliza tangu alipokuwa kijana, na mrithi wake, kwa desturi isiyo na mjadala, alikuwa Gervas mwenye pumu.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa utani tu. Mzee Issa alikuwa na kifua kipana, akapuliza mpaka mvi zikamjaa, na kila mpwa wake alipokwenda kumsalimia alimtazama kifuani na kutikisa kichwa akicheka. Kisha kifua chenyewe kikachoka. Msimu uliopita wa ngoma, mzee alipuliza kidogo, akashika goti, akapuliza tena, na filimbi ikatoa upepo mtupu. Wimbo ulimeguka mbele ya watu. Jambo hilo lilimuuma Mzee Selemani, kiongozi wa filimbi. Aliliweka moyoni, na baadaye, alipokuwa akipanga harusi ya mjukuu wake, akalitoa kwa upole wote wa mkubwa anayeumia.

"Ndugu yangu Issa," alisema, "harusi hii tutacheza. Kama mama atalia, vizuri. Kama hatalia, nafasi itabidi niwape ukoo mwingine. Siwezi kuacha ngoma ife na mimi nikiwa hai."

Mzee Issa alimpigia simu mpwa wake asubuhi ya pili yake. Hakulalamika. Alimwambia habari kama ilivyokuwa, kisha akanyamaza muda mrefu mpaka Gervas akadhani salio limekwisha.

"Mjomba?"

"Nipo, mpwa wangu. Nafikiri tu. Ile filimbi niliipokea kwa mjomba wangu, na yeye kwa wake. Itaniuma kuwa mimi ndiye niliyeiangusha."

Maneno hayo yalimkaa Gervas rohoni. Aliyekuwa ameiangusha si mjomba, ni yeye, na kifua chake hiki cha mashaka. Alishinda siku mbili bila utani, hata mkewe Margareth akamuuliza kama kuna honi iliyomwangukia. Siku ya tatu akaacha honi zote chini, akasafisha benchi, na kuanza kutengeneza kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza.

Miaka michache nyuma alikuwa amefungua kinanda cha umeme cha kwaya moja kilichoingiwa na maji, na humo ndani akajifunza kwamba sauti inaweza kuzaliwa bila pumzi ya mtu. Unautikisa umeme kwa kipimo unachotaka, ukiutikisa polepole sauti inakuwa nene, ukiuharakisha inakuwa nyembamba, halafu unauchuja mpaka ufanane na kitu unachokipenda. Chombo cha namna hiyo huitwa sinthesaiza, na vinanda vya kununua vina sauti mamia ndani yake. Gervas hakutaka mamia. Alitaka moja.

Akatengeneza sinthesaiza ya sauti moja. Aliipandisha na kuishusha kwa wiki kadhaa, akilinganisha na sauti aliyokuwa nayo kichwani tangu utotoni, akaichanganya na mchakacho kidogo wa hewa ili isiwe kavu, akaifungia ndani ya kisanduku cha mbao ya mtiki chenye kitufe kimoja kikubwa juu. Betri ndogo ndani, waya wa kutokea nje, na pale mlangoni, kama ilivyo ada, kapasita. Mkono ukaingia kwenye kopo ukatoa punje moja. Macho hayakutazama.

Alipoiunganisha na amplifaya yake kuukuu ya majaribio na kubonyeza kitufe, nyumba nzima ilipata uzito. Vijiko vilicheza kabatini. Margareth alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba, kuna lori limeegeshwa hapa?"

"Hilo si lori. Hiyo ni filimbi ya wajomba zangu."

Margareth alisikiliza tena, mkono kiunoni. Yeye ni Mpogoro wa Mahenge, hana deni na filimbi za Waluguru, lakini masikio anayo. "Inalia vizuri," alisema. "Ila usije ukaipiga wakati nina mayai sufurini."

Gervas alifurahi kama mtoto aliyepewa nguo za sikukuu. Akampigia mjomba simu papo hapo na kuisogeza kwenye spika.

"Unaisikia, mjomba?"

"Nasikia nyuki," alisema Mzee Issa.

"Aa, simu hizi hazibebi sauti nene. Subiri utaisikia mwenyewe."

"Haya mpwa wangu. Nyuki nao ni riziki."

Siku ya harusi Gervas alipanda bodaboda hadi Kinole, kisanduku kimefungwa kifuani kwa kitenge cha Margareth, mtu angedhani amebeba mtoto. Alivaa viatu vyeusi vipya vinavyong'aa. Alimkuta Mzee Issa amekaa barazani na kanzu yake nyeupe, ile filimbi nene imelala mapajani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Huyo ndiye nyuki?"

"Ndiye."

Mzee alikipokea kisanduku, akakigeuza juu chini, akakinusa, akakirudisha. Kisha akasimama taratibu, na wote wawili wakaenda uwanjani.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na muziki wa kukodi kutoka mji wa chini, spika mbili ndefu na amplifaya moja mpya inayomeremeta taa, mali ya kijana aitwaye Innocent aliyevaa miwani ya jua hata chini ya turubai. Gervas alimweleza anachotaka, na Innocent, ambaye alimjua kwa sifa, akampa nafasi ya kuchomeka waya kwa heshima zote. Wazee wa filimbi walikuwa wamekwisha kuunda mviringo. Mzee Selemani alimtazama Gervas, akatazama kisanduku, akamtazama Issa.

"Huyu ndiye mama wa mwaka huu?" aliuliza.

"Msikilize kwanza," alisema Mzee Issa.

Gervas akabonyeza kitufe. Kutoka kwenye zile spika ndefu, zenye uwezo wa kutikisa bonde zima, kikatoka kisauti chembamba cha kukwaruza, zzzz, kama mbu aliyenaswa kwenye neti. Mchakacho wa hewa ulisikika vizuri kabisa. Sauti yenyewe haikuwepo. Alibonyeza tena, akaongeza nguvu, mbu akawa mkubwa zaidi. Watoto walianza kumwigiza, na mama zao wakawazuia huku na wao wamebana midomo.

Wazo la kwanza la fundi aliyechanganyikiwa huwa baya, na la Gervas lilikuwa baya. Alifungua kisanduku, akaona kapasita imesimama mlangoni, akasema moyoni, kama mlinzi ndiye anayezuia, mlinzi aondoke. Akaunganisha waya moja kwa moja. Ile kubonyeza tu, spika zikatoa kishindo kimoja, *dufu*, viwambo vyake vikasogea mbele na kubaki hapohapo vimevimba, na sauti ikakabwa kooni. Ule umeme wa betri, mnunaji, ulikuwa umepita mlangoni na wenzake ukaingia ndani na kukaa.

"Mzee! Mzee! Chomoa! Unaniulia spika!" Innocent alipiga kelele, miwani ikamdondoka.

Gervas akachomoa. Spika zilinusurika. Heshima yake ndiyo iliyokuwa mashakani. Alisikia Mzee Selemani akivuta pumzi ndefu na kumgeukia mjomba wake, na alijua kinachokuja. Kwenye mviringo ule kulikuwa na ukoo mwingine wenye vijana wa vifua vipana, nao walikuwa wamekuja na mwanzi wao tayari, si kwa ubaya, ila kwa kujiandaa. Mzee Issa aliikumbatia ile filimbi yake kwa mikono miwili na kutazama chini, na hilo ndilo lililomuumiza Gervas kuliko vicheko vyote.

"Mzee wangu Selemani," alisema, "nakuomba subira kidogo. Bibi harusi bado hajatoka. Nipe muda huo tu."

Mzee Selemani alitazama nyumba alimokuwa bibi harusi. Kwa kelele zilizotoka humo, mapambo yalikuwa bado mbali. "Akitoka, tunaanza," alisema.

Gervas alikaa chini kwenye nyasi, akavuta dawa yake, akaituliza akili. Nyumbani sauti ilikuja yote. Hapa imekuja nusu. Kisanduku ni kilekile. Kilichobadilika ni amplifaya. Ya kwake kuukuu ni mpole, inaonja tu sauti, na kwa mlaji wa namna hiyo hata kapasita ndogo inatosha kupitisha uzito wote. Hii ya Innocent ina kiu, inavuta kwa nguvu, na ukiwa na mvutaji wa namna hiyo lazima kapasita iwe kubwa, vinginevyo sauti nene inabaki nje. Jambo hilo alilijua. Angeweza kulieleza usingizini. Akaitazama ile punje pale kiganjani, na hapo ndipo alipojicheka mpaka kifua kikambana. Alikuwa ameifungia filimbi mama kapasita ya honi. Mkono uliozoea kuzuia uzito maisha yote ulikuwa umeuzuia na huu, ambao ndio pekee alioutaka.

Kujua kosa ni jambo moja, kupata kipuri Kinole siku ya harusi ni jingine. Amplifaya ya Innocent ilikuwa na kapasita kubwa ndani, lakini kumwomba aifungue ingekuwa kumwomba figo. Redio za jirani nazo zina kapasita, lakini zilikuwa zikiimba vyumbani mwa watu. Gervas alisimama akasikiliza, kama anavyofanya mjini, akitafuta kwa masikio. Chini kidogo ya uwanja, kitu kilikuwa kikivuma bila kupumzika. Mashine ya kusaga.

Mota ya umeme ya mashine ya kusaga ina kapasita yake ya kuisaidia kuzunguka, na kapasita hiyo si punje ya mchele. Ni kopo. Gervas alitelemka kwa haraka aliyoruhusiwa na mapafu yake, akamkuta mwenye mashine, Sabra, mwanamke mnene aliyejaa unga mpaka kwenye kope. Ukoo wa Sabra na ukoo wa Gervas ni watani tangu enzi, na mtani hupaswi kumwendea na shida waziwazi, atakufaidi. Gervas hakuwa na muda wa ujanja.

"Mtani, naomba unizimie mashine na unipe kapasita yako mpaka ngoma iishe."

Sabra alizima mashine taratibu, akajifuta mikono, akawaita wateja wake wasogee wasikie. "Jamani, njooni! Mtani wangu kashindwa kupuliza mwanzi, sasa anataka mashine yangu impulizie."

Wanawake wakaangua kicheko. Gervas naye akacheka, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Nitakupa," alisema Sabra. "Hawa wateja nao wanataka harusi, unga utangoja. Lakini weka rehani. Vua viatu."

"Viatu?"

"Hivyohivyo vinavyong'aa. Kapasita ikirudi, viatu vitarudi. Isiporudi, nitavivaa kanisani kwenu."

Gervas alivua. Sabra akakata umeme kwenye swichi kuu, na Gervas akafungua kopo lile ubavuni mwa mota, akaligusisha ncha zake kwa bisibisi ili kumaliza umeme uliojificha ndani. Likatoa cheche na mlio wa kupasuka, wanawake wakaruka nyuma, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana fundi.

Alirudi uwanjani pekupeku. Aliazima chuma cha kulehemu cha Innocent, akalehemu waya mbili haraka, akalifunga kopo juu ya kisanduku kwa ukanda wa kitenge. Lilikaribia ukubwa wa kisanduku chenyewe, na mzee mmoja wa filimbi akasema hajawahi kuona mama aliyebebeshwa mtoto mkubwa namna hiyo. Nyumbani kwa bibi harusi vigelegele vilianza. Innocent alisimama karibu na waya, tayari kuchomoa.

Gervas akabonyeza.

Safari hii hapakuwa na mbu. Sauti ilitoka chini, nene, ya mviringo, ikapita kwenye nyasi na kupanda miguuni mwa watu. Gervas aliihisi kwenye nyayo zake tupu. Kuku walikimbia. Mtoto aliyekuwa akimwigiza mbu alimkimbilia mama yake. Wazee wa filimbi walitazamana, na mmoja wao, bila kuambiwa, akainua mwanzi wake mdomoni. Mzee Selemani alifumba macho, akasikiliza, akafumbua.

"Ni yeye," alisema. "Tuanze."

Wakaanza, na ngoma ikakataa. Watoto waliingia, wakajikwaa. Mashangazi waliingia, wakagongana. Gervas alishikilia kitufe kwa nguvu zake zote, sauti nene ikitanda bila kukatika, na kadiri alivyoshikilia ndivyo wenzake walivyopotea. Mzee Selemani akainua mkono, wote wakanyamaza. Gervas alitazama kopo, akatazama waya, hakuona kosa.

Mzee Issa ndiye aliyesogea. Alikuja kwa hatua zake za pole akasimama nyuma ya mpwa wake.

"Mama yako huyu havuti pumzi," alisema.

"Mjomba, hahitaji. Anaweza kulia mpaka kesho."

"Ndiyo shida yake. Mimi nilipokuwa navuta pumzi, hapo ndipo wenzangu walipoingia. Usipovuta pumzi, utawaacha waingie wapi?"

Maisha yake yote Gervas aliliona lile jambo la kuishiwa hewa kuwa aibu, kitu cha kuficha mfukoni mwa shati. Hakuwahi kufikiri kwamba hata mwenye kifua kipana aliishiwa, na kwamba wimbo mzima ulikuwa umejengwa juu ya kuishiwa kwake.

"Nitajuaje ni wapi?"

"Nitakwambia."

Mzee aliweka kiganja chake begani kwa Gervas. Mzee Selemani akashusha mkono. Kiganja kilipobana, Gervas alibonyeza. Kilipolegea, aliachia, na katika nafasi ile ndogo watoto wakaingia kama maji, mashangazi wakafuata, kikabana tena, akabonyeza. Mara mbili alikosea, vidole vikamfinya kama mwanafunzi. Kisha hakukosea tena. Wimbo ulikuwa umesimama katikati ya mviringo, mzima, na watu wakaanza kuucheza. Bibi harusi alitoka na mashangazi zake wa kweli. Sabra alipanda kutoka mashineni na unga wake wote, viatu vya Gervas vimening'inia mkononi, akacheza navyo akivigonga kimoja kwa kingine. Gervas alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi, machozi yakawa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Hakujua ni wakati gani kiganja kiliondoka begani. Alikuja kugundua tu kwamba alikuwa akibonyeza na kuachia bila kuambiwa, kwa kufuata kifua chake mwenyewe, akivuta hewa pale hewa ilipomwishia, na wenzake wakiingia palepale. Aligeuza kichwa kidogo. Mzee Issa hakuwa nyuma yake.

Alimwona mbali, kanzu nyeupe ikipenya kati ya watu, akienda nje ya mviringo, akapita wachezaji, akapita wapishi na masufuria yao, mpaka kwenye ukingo wa uwanja ambako watu husimama kutazama tu. Hapo mzee aligeuka. Alisimama na filimbi yake kwapani, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na hakutikisika mpaka wimbo ulipokwisha na vigelegele kupungua. Gervas alipoweza kuacha kitufe alimfuata mbio, pekupeku, akihema, akidhani mzee amezidiwa.

"Mjomba, vipi? Unaumwa?"

Mzee Issa alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Macho yake yalikuwa na maji.

"Nilianza kupuliza nikiwa mdogo kuliko bibi harusi," alisema. "Siku zote nilikuwa mle ndani. Sijawahi kuisikia ngoma hii kutoka huku." Akamshika mpwa wake mkono, akautikisa kidogo, nusu kwa furaha na nusu kwa kulaumu. "Mbona hamkuniambia kwamba ni nzuri hivi?"